Ganzi, sisimizi na sindano za Kichina: mambo ya kujua kabla hujaenda



Tangu baridi ianze, swali moja limerudi mara nyingi mezani kwangu. Mama anaingia, anakaa, tunamaliza barua ya CPAS, kisha anavua glavu na kunionyesha vidole. "Mwanangu, vinakufa ganzi. Usiku ndiyo zaidi. Nimeambiwa kuna Mchina anachoma sindano, watu wanapona. Niende?"

Huwa sijibu haraka, kwa sababu swali hilo lina maswali matatu ndani yake: ganzi ni nini, Wachina wanaielewa vipi, na hapa Brussels mtu aanze kubisha mlango gani. Somo hili linayapitia yote matatu. Lisome polepole, na kama nyumbani kuna mzee asiyesoma, msomee.

Kwanza, kosa langu mwenyewe

Tulifika Ubelgiji kutoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, mimi, mama yangu na wadogo zangu wawili. Nilikuwa na miaka 19. Kifaransa kidogo nilichokuwa nacho kilinifanya niwe mkalimani wa familia nzima, kama watoto wengi wanaosoma somo hili wanavyofanya leo.

Katika majira ya baridi ya kwanza mama alianza kulalamikia miguu. Alisema, "Miguu yangu imekufa ganzi, halafu kama sisimizi wanatambaa ndani." Tukaenda kwa daktari. Neno ganzi sikulijua kwa Kifaransa. Niliona aibu kukaa kimya, nikasema "elle a mal aux pieds", yaani miguu inamuuma. Daktari akaandika dawa ya maumivu. Alifanya kazi yake kwa neno nililompa.

Dawa haikusaidia, maana kilichomsumbua mama hakikuwa maumivu. Jirani akatuletea pakiti ya majani makavu, akasema ni dawa ya Kichina ya ganzi. Haikuwa na jina wala anwani. Mama aliichemsha na kuinywa miezi kadhaa. Jioni, kwa kuwa miguu yake aliihisi ya baridi, aliiweka juu ya radieta. Hakusikia kwamba inaungua.

Aliyegundua alikuwa mama mmoja wa Kichina anayetibu kwa sindano, ambaye rafiki wa kanisani alitupeleka kwake. Kabla ya kufungua boksi la sindano alimwambia mama avue soksi. Akauliza maswali mengi. Akamgusa nyayo kwa kipande cha pamba, mama akiwa amefumba macho, na mama hakujua anaguswa wapi. Kisha akaona kidonda kando ya kidole cha mwisho, kidonda ambacho hata mwenye mguu alikuwa hajakiona. Akafunga boksi lake, akasema leo sichomi. Aliandika neno moja kwenye karatasi, "glycémie", akatuambia twende hospitali siku hiyohiyo.

Ilikuwa kisukari. Wiki ile mama alikatwa kidole kimoja cha mguu. Mguu ulibaki, na anautembelea hadi leo.

Basi usinisikie kama mtu anayewasema vibaya Wachina au madaktari. Mchina ndiye aliyeona. Tulicheleweshwa na neno moja nililolitafsiri vibaya na pakiti moja isiyo na jina. Somo hili ni juu ya hayo mawili.

Ganzi ina majina mengi

Kwa Kiswahili tunasema mguu umekufa ganzi. Tunasema pia mkono umelala, vidole vinachomachoma kama sindano, sisimizi wanatambaa, nyayo zinawaka moto, natembea kama juu ya sufi. Kwetu tunayatupa yote katika kapu moja la ganzi. Kwa anayetibu, kila moja ni habari tofauti.

Kwa Kifaransa kule kutambaa kunaitwa "fourmillements", na neno hilo limetokana na "fourmi", yaani sisimizi. Kwa hiyo Mbelgiji na sisi tunawahisi wadudu walewale. Kukosa hisia kabisa kunaitwa "engourdissement".

Wachina nao waligawa hali hii mara mbili. Neno lao la ganzi ni má mù. Má ni kule kuchomachoma na kutambaa. Ni neno hilohilo wanalolitumia kwa ladha ya ile pilipili ya Sichuan inayofanya ulimi utetemeke. Mù maana yake ni mti, au ubao. Kwa hiyo má ni mkono wenye sisimizi, na mù ni mkono uliokuwa ubao: unaugonga, hausemi kitu.

Kuna neno la zamani zaidi katika vitabu vyao vya tiba: bùrén. Rén ni utu, ule wema wa mtu kwa mwenzake, na bù ni kukanusha. Kiungo kilichokufa ganzi kilisemwa kuwa kimekosa utu, kwa kuwa kinaguswa na hakijali. Mwanafalsafa Cheng Hao, aliyeishi karne ya 11, alilipenda neno hilo. Alisema waganga wamelitaja jambo vizuri sana: mtu asiyeguswa na shida ya mwenzake ni kama mkono uliokufa ganzi.

Wachina wa kale walielezaje

Kitabu cha msingi cha tiba ya Kichina, Huangdi Neijing, kina umri wa miaka 2000 hivi. Ndani yake mwili unaelezwa kama nchi yenye mifereji. Katika mifereji hiyo hupita qi, ambayo hutamkwa "chi", yaani nguvu ya uhai, pamoja na damu. Vikipita vizuri, ngozi inahisi na viungo vina joto. Visipofika, au vikizuiwa njiani, huja ganzi.

Sababu za kutofika ni mbili kubwa. Ya kwanza ni upungufu: qi na damu ni kidogo, kama maji ya bomba yasiyofika ghorofa ya juu. Mtu amezaa watoto wengi, ameugua muda mrefu, amekula vibaya, amezeeka. Waganga wengi wa Kichina husema upungufu wa qi huleta má, na upungufu wa damu huleta mù.

Ya pili ni kuziba. Huko kuziba wanakuita bì, na wanataja wageni watatu wabaya wanaoingia mwilini kutoka nje: upepo, baridi na unyevu. Baadaye waliongeza makohozi na damu iliyoganda kuwa vizuizi vinavyozaliwa ndani ya mwili wenyewe.

Hapa mzee wa kwetu hatashangaa. Sisi maumivu ya viungo tunayaita baridi yabisi, maneno yaliyokuja na tiba ya Waarabu, ambayo nayo ilijengwa juu ya tiba ya Wagiriki ya joto, baridi, ukavu na unyevu. Mama zetu walitukataza kulala chini bila mkeka na kukaa penye upepo tukiwa na jasho. Zhang Zhongjing, mganga wa Kichina aliyeandika kwenye mwaka 200 hivi, alieleza ganzi ya mwili inayompata mtu dhaifu aliyetoka jasho kisha akalala na kupigwa na upepo mdogo. Dawa aliyoiandika ina vitu vitano: mizizi ya astragalasi, vijiti vya mdalasini, mizizi ya maua ya pioni, tangawizi mbichi na tende za Kichina. Mchanganyiko huo bado unatumika. Utaona kwamba vingine umo navyo jikoni.

Kwa hiyo mgonjwa kutoka Fizi au Bujumbura akikaa mbele ya mganga wa Kichina, wanaelewana upesi. Wote wawili wanazungumza juu ya upepo na baridi. Kuelewana huko kunafariji, na faraja ni kitu kikubwa kwa mtu aliyezoea kutoeleweka. Lakini kueleweka si sawa na kupimwa. Mishipa inayobeba hisia, ambayo Kiswahili kimeipa jina zuri la mishipa ya fahamu, haimo katika ramani ile ya mifereji, wala sukari ya damu haionekani kwa kushika mkono.

Mganga wa Kichina anafanya nini

Ukienda kwa mtu aliyesoma kazi yake, atakuuliza kwanza: ganzi iko upande mmoja au pande zote mbili? Mikononi, miguuni, usoni? Inazidi usiku, au wakati wa baridi? Ukisugua inapungua? Choo, usingizi, hedhi vikoje? Kisha ataangalia ulimi: rangi, unene, utando juu yake. Atashika mshipa wa kiganjani kwa vidole vitatu, mkono wa kulia na wa kushoto.

Baada ya hapo anaweza kutumia:

- Sindano nyembamba sana zisizo na dawa ndani, yaani akupancha.
- Moto wa majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga, unaowekwa karibu na ngozi ili kuleta joto.
- Vikombe vya kuvuta ngozi. Hili tunalijua: ni kuumika, kama wazee walivyofanya kwa pembe, na kama Waislamu wanavyofanya hijama.
- Kukanda.
- Mitishamba ya kuchemsha, au vidonge.

Maswali yale ni mazuri, na daktari wa mishipa ya fahamu hospitalini atakuuliza mengi yaleyale. Juu ya sindano, tafiti zilizofanywa kuhusu ganzi zinapishana: baadhi ya wagonjwa husema wamepata nafuu, lakini ushahidi bado ni dhaifu. Sindano safi za kutumika mara moja, kwa mtu aliyesoma, kwa kawaida hazina madhara makubwa. Lakini kwa mtu mwenye kisukari, moto na vikombe juu ya mguu usiohisi ni hatari. Ataungua kama mama yangu alivyoungua, na hatajua.

Mitishamba: nguvu inayoponya ndiyo nguvu inayoua

Wengi wetu tuna sababu ya kuheshimu dawa za Kichina. Timu za madaktari wa China zilifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968. Hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 1987 kushirikiana na Wachina kuwatibu wagonjwa wa UKIMWI kwa mitishamba. Na ukipata malaria kambini ukapewa dawa mseto, nusu ya dawa ile ilitokana na mmea wa Kichina uitwao qinghao. Bi Tu Youyou, aliyeongoza kazi ya kuitoa dawa hiyo kwenye mmea, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Lakini angalia jinsi alivyofanya. Mmea ulitajwa jina, dawa ikatolewa, ikapimwa, ikajulikana kipimo chake. Hilo ndilo lililokosekana hapahapa Brussels miaka ya 1990, katika kisa ambacho kila anayeishi mji huu anapaswa kukijua.

Kati ya mwaka 1990 na 1992, kliniki moja ya kupunguza unene mjini Brussels iliongeza unga wa mitishamba ya Kichina katika vidonge vyake. Wanawake waliokuja walikuwa wamenenepa tu, hawakuwa wagonjwa. Baada ya muda baadhi yao, wengine wakiwa bado vijana, walianza kufika hospitalini figo zikiwa zinakufa. Madaktari wakiongozwa na Profesa Jean-Louis Vanherweghem wa hospitali ya Erasme, huko Anderlecht, waligundua kwamba wagonjwa hao walikuwa wamepita mlango mmoja. Walitangaza habari hiyo mwaka 1993 katika jarida la tiba la The Lancet.

Nini kilitokea? Pakiti ziliandikwa jina la mmea uitwao Stephania tetrandra. Wachina huuita han fangji. Ndani yake kulikuwa na mmea mwingine, Aristolochia fangchi, ambao huitwa guang fangji. Majina yanafanana, unga unafanana, lakini wa pili una sumu inayoharibu figo, iitwayo asidi ya aristolokiki. Wagonjwa waliojulikana walizidi 100. Wengi waliishia kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo. Na sumu haikuishia hapo. Mwaka 2000 madaktari wa Brussels walieleza kwamba kati ya wagonjwa 39 walioondolewa figo zao zilizokufa pamoja na mirija yake, 18 walikutwa na saratani ya njia ya mkojo.

Tuwe wa haki. Kliniki ile haikuwa inafuata tiba ya Kichina kama inavyofundishwa. Ilichanganya mitishamba na dawa nyingine za kizungu ili watu wakonde. Lakini fangji, katika vitabu vya Wachina, ni dawa ya upepo na unyevu, ya viungo vinavyouma na kuvimba. Kwa maneno mengine, ni katika familia ya dawa ambazo mtu mwenye ganzi na baridi yabisi anaweza kupewa. Kwa hiyo kisa hiki kinatuhusu.

Mfano wa pili. Kwa maumivu na ganzi ya "baridi", Wachina hutumia mizizi ya akonaiti, iitwayo fuzi, chuanwu au caowu. Mizizi hiyo ikiwa haikupikwa inavyotakiwa ni sumu kali ya moyo. Na dalili yake ya kwanza ni nini? Midomo, ulimi na vidole kufa ganzi na kuchomachoma. Mtu anakunywa dawa ya ganzi, ganzi inazidi, anadhani dawa inafanya kazi, anaongeza kikombe. Usifanye hivyo kamwe.

Sababu za ganzi ambazo mimi na wewe tunazo

Daktari akisikia neno ganzi lililotafsiriwa vizuri, atafikiria mambo kama haya:

*Kisukari.* Huanza kwenye vidole vya miguu, pande zote mbili, na kupanda polepole kama soksi. Kipimo cha damu kinatosha kukijua.

*Mkono wa kazi.* Wengi wetu tunasafisha ofisi, tunakamua vitambaa, tunabeba maboksi. Mshipa wa fahamu unaopita kiganjani unabanwa, na kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi usiku. Ukikung'uta mkono inapungua. Vitabu vya zamani vya Kichina vilionya kwamba ganzi ya kidole gumba na cha shahada hutangulia kiharusi. Daktari wa leo mara nyingi atafikiria kwanza mshipa uliobanwa. Dalili ileile inasomwa tofauti, ndiyo maana kupimwa ni muhimu.

*Dawa za kifua kikuu.* Wengi wetu tulipigwa picha ya kifua tulipofika, na wengine tukapewa dawa yenye isoniazidi. Dawa hiyo inaweza kuleta ganzi miguuni, na kinga yake ni vitamini B6. Usiache dawa ya kifua kikuu kwa sababu ya ganzi! Mwambie daktari, akuongezee vitamini.

*Upungufu wa vitamini B12*, hasa kwa aliyeishi miaka mingi bila nyama, samaki, mayai wala maziwa, na pombe nyingi ya muda mrefu.

*Ukoma.* Bado upo Kongo na Tanzania. Baka kwenye ngozi lisilohisi kuguswa, hata kama haliumi, lionyeshe. Unatibika kabisa kwa vidonge, na hakuna haja ya kujificha.

*Mgongo au shingo*, mshipa ukibanwa. Ganzi hushuka mkono mmoja au mguu mmoja.

*Hofu.* Hili naomba ulisome mara mbili. Mtu aliyepitia vita akishtuka, huhema haraka bila kujua. Kuhema huko hubadilisha damu, na vidole na midomo huanza kuchomachoma. Si uchawi, wala huna wazimu. Mwambie daktari, "huja ninapokumbuka". Kuna msaada wake.

Basi ufanye nini hapa Brussels

1. Anza kwa daktari wa familia au maison médicale iliyo karibu nawe. Ukiwa na mutuelle sehemu kubwa ya gharama inarudishwa, na katika maison médicale nyingi mwanachama halipi kitu anapomwona daktari. Kama bado uko kituo cha mapokezi, waambie wauguzi wa kituo. Kama huna makaratasi, njoo tuzungumze juu ya msaada wa dharura wa matibabu wa CPAS. Haki hiyo ipo.

2. Omba mkalimani mapema, unapopanga miadi. Hospitali nyingi kubwa zina wasaidizi wa lugha na utamaduni, na kuna huduma za wakalimani wa kijamii kama SeTIS Bruxelles na Brussel Onthaal. Usimfanye mwanao wa miaka 12 akutafsirie mwili wako. Mimi nilikuwa na 19 na nilikosea.

3. Vua soksi mbele ya daktari, hata asipokuomba.

4. Ukitaka kwenda kwa Mchina, nenda, lakini baada ya kupimwa. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 29 Aprili 1999 inataja akupancha kati ya tiba nne zisizo za kawaida. Hata hivyo bima ya lazima hairudishi fedha zake. Baadhi ya mutuelle hurudisha kiasi kidogo kwa huduma ya nyongeza, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Muulize anayetibu: ulisoma wapi? Wewe ni daktari, muuguzi, mtaalamu wa viungo? Sindano ni mpya? Asiyependa kuulizwa, mwache. Na yeyote atakayekwambia uache dawa za kisukari, za presha, za VVU au za kifua kikuu, toka nje siku hiyohiyo.

5. Usinywe mmea usio na jina. Pakiti iwe na jina la mimea yote, jina la mtengenezaji na anwani. Ukinunua mtaani, mtandaoni, au ukiletewa na msafiri, huna unalolijua. Ipeleke pakiti kwa mfamasia au daktari, hata kama umeshaanza kuinywa. Hatakupeleka polisi. Ukihisi umedhurika na unataka ushauri, kituo cha sumu kinajibu saa 24 kwa namba 070 245 245.

6. Kama miguu yako haihisi, usiiweke juu ya radieta wala kwenye maji ya moto. Pima maji kwa kiwiko. Iangalie miguu kila jioni, au mwombe mtu wa nyumbani akuangalilie nyayo. Kung'uta viatu kabla ya kuvivaa.

Piga 112 bila kusubiri

- Ganzi ya ghafla ya upande mmoja wa mwili, uso kupinda, mkono kuanguka, maneno kupotea. Hicho ni kiharusi, na kila dakika ina thamani.
- Ganzi ya kati ya mapaja pamoja na mkojo kukataa kutoka, au mkojo na choo kutoka bila wewe kujua.
- Ganzi inayopanda kutoka miguuni kwa saa au siku chache, na miguu inakosa nguvu.
- Ganzi ya midomo na ulimi baada ya kunywa mitishamba, hasa moyo ukienda mbio au ukikosa mpangilio.

Maneno ya kubeba mfukoni

Kata sehemu hii, iweke pamoja na kadi yako ya utambulisho. La kwanza ni Kiswahili, la pili Kifaransa, la tatu Kiholanzi.

- Ganzi, sihisi: engourdi, gevoelloos
- Sisimizi, kuchomachoma: des fourmillements, tintelingen
- Kuwaka moto: une sensation de brûlure, een brandend gevoel
- Maumivu: la douleur; pijn
- Mkono: la main, de hand
- Mguu, unyayo: le pied, de voet
- Upande mmoja: d'un seul côté; aan één kant
- Pande zote mbili: des deux côtés, aan beide kanten
- Usiku: la nuit, 's nachts
- Nakunywa mitishamba: je prends des plantes, ik neem kruiden

Ukishindwa kusema lolote, onyesha mstari kwa kidole. Kidole hakikosei tafsiri.

Maswali ya kujipima

Jibuni nyumbani, au mje nayo kwenye kikao chetu cha wazazi.

1. Má na mù vina tofauti gani? Wewe unahisi kipi, na wapi?
2. Kwa nini jina la mmea kwenye pakiti halikuwaokoa wanawake wa Brussels?
3. Mtu anakunywa dawa ya kifua kikuu na vidole vya miguu vinaanza ganzi. Afanye nini, na asifanye nini?
4. Ni ganzi ipi isiyosubiri miadi?
5. Katika nyumba yenu, ni nani anayewatafsiria wakubwa kwa daktari? Ana miaka mingapi?

Swali la tano ndilo ninalotaka mlijibu kwanza. Kama jibu ni jina la mtoto, njoo ofisini, tutapanga mkalimani kabla ya miadi ijayo. Na wewe mtoto unayesoma haya: siku usipolijua neno, sema "je ne connais pas le mot", yaani silijui neno hili. Hakuna aibu ndani yake. Daktari atasubiri, ataonyesha picha, ataita mtu kwa simu. Aibu niliyoikwepa mimi dakika ile ilimgharimu mama yangu kidole.

Nawatakia majira mema ya baridi. Vaeni soksi nzito, na muziangalie nyayo.